Nataka kiti cha wadi, lakini nimesoma akademi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 25, mzaliwa wa Matuga, Kaunti ya Kwale. Nakuandikia usiku baada ya tarawehe kwa sababu mchana nyumba hii haina faragha. Kila mtu ana neno kuhusu jambo langu, na mimi mwenyewe sijui nifuate la nani.

Baba alikuwa na biashara ya malori Mombasa, kwa hiyo tangu darasa la kwanza nilisoma akademi, yaani shule ya kibinafsi, mjini. Sekondari nikapelekwa bweni Nairobi, ya kibinafsi vilevile, na chuo kikuu hivyo hivyo. Nyumbani nilikuja Desemba na siku za Idi. Nilisomea uchumi, kisha nikafanya kazi katika ofisi moja Nairobi kwa muda wa miaka miwili. Juni 25, 2024 nilikuwa barabarani na wenzangu tukipinga Mswada wa Fedha. Niliyoyaona siku ile sitayaeleza hapa. Ila usiku nilipofika chumbani nilijiuliza: hizi sheria zinatungwa na nani, na mimi nangoja nini? Januari mwaka huu nikaacha kazi, nikarudi kwa bibi. Nataka kugombea kiti cha mwakilishi wadi katika bunge la kaunti, uchaguzi wa Agosti 10, 2027.

Wiki jana tulialikwa futari kwa jirani. Sahani ya mihogo ya nazi ilipofika mbele yangu, mzee mmoja anayeheshimika sana hapa akasema kwa sauti, "Mpeni kijiko huyo, ni wa akademi." Watu wakacheka. Nikamjibu kwa Kidigo, nikakosea, wakacheka zaidi, mpaka watoto. Bibi peke yake hakucheka. Ile mihogo niliila nikiwa siioni kwa machozi.

Kuna vijana watatu wanaonisaidia. Kesho yake wakaja na kipeperushi kwenye simu: picha yangu nimejitwika ndoo (nilipigwa siku moja tu, bomba lilipokatika), na chini yake maneno "Binti wa mkulima, aliyesoma chini ya mwembe." Wanataka niseme kwamba darasa la kwanza hadi la tatu nilisoma shule ya msingi ya hapa kijijini. Wamekwisha kuagiza nakala 500 Ukunda, tuzigawe kabla ya Idi pamoja na pakiti za unga na sukari. Mchapishaji anangoja nimtumie pesa Ijumaa.

Baba naye anasema atauza ploti yake ya Ukunda ili nipate pesa za kampeni. Na kuna ofisa mmoja wa chama aliyenishauri niachane na kiti cha kupigiwa kura, eti ni cha wanaume wenye mifuko. Anasema mimi ni msichana na ni kijana, ataniingiza kwenye orodha ya uteuzi, ila kwanza nichangie chama shilingi 200,000, nimpe yeye mkononi.

Shangazi, niifiche shule yangu? Ama niseme kweli nichekwe mpaka 2027? Jambo jingine dogo: kura yangu nilijiandikisha Nairobi mwaka 2022 nikiwa chuoni. Sijui kama ni tatizo.

Binti wa Akademi, Kwale

---

Marahaba mwanangu, na Ramadhani njema.

Ijumaa usimtumie pesa mchapishaji. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja.

Nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 31, na kuna kitu vijana wako hawakijui: shule haisahau. Lipo daftari la usajili, na kila mtoto ana nambari yake. Yupo mwalimu mstaafu anayekaa karibu na msikiti, anawakumbuka wote aliowashikisha chaki. Na wapo wanawake wa rika lako, sasa wana watoto wawili watatu, waliokaa sakafuni darasa la kwanza mwaka ule na wanajua hukuwako. Hao ndio unaokwenda kuwaomba kura. Kwetu alikuwepo mgombea mmoja, simtaji, aliyesimama matangani akasema alisoma shule ya pale. Alipomaliza, mama mmoja akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa nani?" Bwana yule akatazama chini, kisha akawatazama wapambe wake. Hakuzomewa. Watu walinyamaza tu, na kimya kile sijakisahau mpaka leo. Linaloniuma ni kwamba alikuwa mtu mwema, na kweli yake isingemgharimu chochote.

Sasa yule mzee wa mihogo. Najua ameumiza moyo wako, na mbele ya watu si mahali pa kumfanyia mtoto hivyo. Lakini mwanangu, sikiliza alichokisema. Hakuna mtu Kwale anayeona kusoma akademi ni dhambi. Wazazi wanauza mbuzi na nazi kwa miaka ili mtoto mmoja apelekwe huko. Mzee anachokijua ni kwamba kila baada ya miaka 5 hutokea mtu aliyevaa vizuri, anakula nao siku tatu, anaita kila mwanamke mama, kisha hawamwoni tena. Wewe mwenyewe umeniandikia: "Nyumbani nilikuja Desemba na siku za Idi." Ulipokuwa mtoto hilo halikuwa juu yako. Ile miaka miwili ya kazi ilikuwa juu yako. Swali lake ni kama utakaa, na kipeperushi hakiwezi kulijibu, kiwe cha kweli ama cha uongo.

Kwa hiyo shule usiifiche, wala usiiombee msamaha. Siku utakaposimama mbele ya watu, iseme mara moja, mapema, kwa sauti yako ya kawaida: baba yangu alikuwa na uwezo, akanipeleka shule ambayo wengi wenu hamkuweza kupeleka wanenu, nimerudi na nilichokipata huko. Kisha uendelee na jambo lililowakusanya. Ukishaisema wewe, hakuna atakayekuja kuifichua.

Wapo waliopita njia hii. Barack Obama alisoma Punahou, shule ya kibinafsi ya Honolulu. Mwaka 1985 akaenda Chicago, mji usio wake, akafanya kazi na wakazi wa Altgeld Gardens, mtaa wa watu wa kipato cha chini, miaka mingi kabla ya kuomba kura ya mtu yeyote. Aliingia seneti ya jimbo la Illinois kwa uchaguzi wa 1996. Na hata baada ya hapo, mwaka 2000 alipotaka kiti cha Bobby Rush katika bunge la taifa, alibwagwa vibaya, na mojawapo ya maneno yaliyomwandama ni kwamba yeye ni mgeni, msomi wa vyuo vikubwa, si mwenzao. Hakujitungia utoto mwingine. Alirudi kazini. Nakutajia huyu kwa sababu najua jina lake umelisikia tangu utotoni, na pengine hukuwahi kuambiwa kwamba naye aliitwa wa akademi.

Jambo lako "dogo" ndilo lililonishtua zaidi. Unataka kura za Matuga, nawe yako iko Nairobi! Kisheria unaweza kugombea ukiwa umejiandikisha kwingine, ndiyo. Lakini siku ya kura utapanga foleni wapi, na nani atakuona? Ikifika Jumatatu, chukua kitambulisho chako uende ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge, uhamishe kura yako. Usingoje siku za mwisho. Sheria ina muda wake wa kufunga uhamisho. Ungejua ni wagombea wangapi huumbuka kwa jambo hili moja.

Ukitoka hapo, ingia kwenye mtandao wa Msajili wa Vyama vya Siasa uangalie kama jina lako limo katika chama chochote. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa vyamani bila wao kujua. Linakuhusu, kwa sababu ukiamua kuwa mgombea huru, Katiba inakutaka usiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi yako.

Nikufikishe sasa pale ambapo shule yako ina kazi. Umesomea uchumi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na yanatakiwa yawe yamepitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha Juni 30. Katikati hapo wananchi wanapaswa kusikilizwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kimelilazimisha bunge la kaunti kufanya hivyo. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Tulikuwa kama watu tisini ukumbini. Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene kama tofali, kimeandikwa Kiingereza, na nakala zilikuwa mbili. Bibi mmoja kando yangu alilifunua lile kabrasha juu chini, akalipitisha kwa jirani yake. Tukatia sahihi fomu ya mahudhurio, tukapewa soda, tukaenda zetu. Kwenye kumbukumbu imeandikwa kwamba tulishirikishwa.

Hicho ndicho kitu ambacho wewe unacho na yule bibi hana. Chukua kurasa zinazohusu wadi yako, uzigeuze Kiswahili kwenye karatasi moja: chekechea gani imetengewa pesa, barabara ipi, kisima kipi, shilingi ngapi, na mwaka jana kiliahidiwa nini palepale. Bandika karatasi hiyo dukani, mpe imamu mmoja, mpe chifu, wape akina mama wa chama cha kuwekeza. Usiweke picha yako. Watu watauliza ni nani aliyeandika, na watajibiwa.

Na utakapofanya kazi hiyo utajifunza kitu ambacho wagombea wengi hawakijui hata baada ya kuapishwa: mwakilishi wadi hajengi barabara. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kabisa kujiingiza katika kazi za utendaji. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuikagua serikali ya gavana na kupeleka sauti ya watu. Wewe ukiahidi lami unaahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Sema kwamba utasimama bungeni uulize kwa nini lami iliyotengewa pesa haikuja, kisha uwaletee jibu kwa maandishi. Si ahadi inayopigiwa vigelegele, najua.

Utaulizwa sana kuhusu basari, yaani msaada wa karo, tena wewe zaidi ya wengine, kwa sababu ya shule yako. Mama atakuja na barua ya mtoto ya kuitwa sekondari, ameikunja ndani ya leso mpaka imelainika kama kitambaa. Usimpe noti ili aondoke. Kwale tumekuwa na mpango wa basari wa kaunti, Elimu ni Sasa, tangu enzi za gavana wa kwanza, na umesomesha watoto wengi. Lakini sekondari kikatiba ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ya kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ndiyo maana Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzuia kaunti kutoa basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, magavana wakakimbilia mahakamani. Lielewe suala hilo vizuri. Ukimkalisha mama yule ukamweleza fomu inachukuliwa wapi, inajazwaje na inarudishwa lini, kisha ukaenda naye siku ya kuirudisha, utakuwa umemfaa kuliko noti.

Unga na sukari za Idi: kama una uwezo wa kutoa sadaka, toa, na utoe Ramadhani hii hii. Toa usiku, bila kipeperushi, mkono wa kushoto usijue. Ukifunga jina lako kwenye pakiti ya unga unamfundisha mtu kwamba kura yake ina bei, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaijua hiyo kwa jina lake, ni hongo. Tena atakuja mwingine na gunia zima, wewe utampita kwa kitu gani?

Baba yako mpe shukrani, umbusu mkono, na umwombe asiuze ploti. Ada ya IEBC kwa mgombea wa wadi imekuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake na vijana nusu yake. Sikudanganyi kwamba kampeni yote ni hiyo. Kuna mafuta ya bodaboda, kuna maji na chai ya watu, kuna mawakala. Hao mawakala ndio ningewawekea pesa kuliko mabango. Agosti 2017 nilisimamia kituo cha kupigia kura, tukahesabu mpaka saa tisa usiku kwa taa ya betri. Mgombea mwenye magari na spika alikuwa na mawakala wawili: mmoja amelala juu ya dawati, mwingine katoka kutafuta chakula na hakurudi. Kando yao alikuwepo dada mmoja, wakala wa mgombea asiye na kitu, fomu zake magotini, kalamu mkononi, anaandika kila kura ninayoitaja. Nilipokosea kurudia nambari moja alinisahihisha. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kuuza ploti Julai ya uchaguzi. Unampata kwa kujuana naye kuanzia sasa.

Mwaka huo huo wa 2017, kule Igembe Kusini, Meru, John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge akiwa na miaka 23, mgombea huru, bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakuwa na gari. Alitembea nyumba kwa nyumba. Kiti chako ni kidogo kuliko chake, na vijiji vyako unaweza kuvimaliza kwa miguu mara kadhaa kabla ya Agosti 2027. Anza na nyumba ambazo hazina mtu wa ukoo wenu.

Kuhusu yule ofisa wa chama nitakuwa mkali. Uteuzi si haramu. Kifungu cha 177 cha Katiba kimeweka viti hivyo ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili bungeni, na vijana na wenye ulemavu wapate sauti; wapo wanawake waliovitumia kwa heshima. Lakini orodha hupelekwa IEBC na chama, na viti hugawanywa kulingana na vile ambavyo chama kimeshinda. Mtu mmoja hawezi kukuahidi. Pesa ya mkononi isiyo na risiti haijaenda chamani. Mjibu kwa adabu kwamba mchango wako utautoa ofisini, kwa risiti yenye jina la chama, kisha uone kama atakupigia tena. Na akikuambia kiti cha kura ni cha wanaume, mkumbushe hii ni Kwale. Fatuma Achani alikaa naibu gavana tangu 2013, akajifunza kaunti hii nje na ndani, akasimama mwenyewe 2022 na kuchaguliwa gavana, mwanamke wa kwanza Pwani nzima.

Vijana wako watatu usiwafukuze. Wanakupenda, ndiyo maana wamekutungia uongo. Wape kazi ya kweli: mmoja akusanye ahadi zilizotolewa wadini tangu 2013 na azipige picha zilivyo leo, mmoja ahesabu vituo vya kura na wapiga kura wake, na yule mwenye mkono mzuri wa picha akusaidie na ile karatasi ya bajeti.

Kidigo kitarudi. Lugha uliyoisikia tumboni haipotei, inakaa tu chini. Mwambie bibi kuanzia kesho asikujibu ukimsemesha kwa Kiswahili. Nimeona umeandika kwamba yeye peke yake hakucheka, na nadhani unajua kwa nini umeliandika.

Kisha kabla ya Idi, chagua siku moja umwombe bibi akuelekeze kupika mihogo ya nazi, uipike wewe, ukune nazi wewe mwenyewe hata kama utachubuka. Umpelekee mzee yule futari kwake. Kula kwa mkono. Akishaswali, muulize wawakilishi wote waliopita waliahidi nini pale, lini, na kilitimia kipi. Nenda na daftari, na usimkatize.